Raha ya pikipiki majira ya kuchipua iko wapi hasa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naendesha pikipiki mwaka wa nne sasa, lakini ni ya kwenda kazini na kurudi tu, barabara kuu ile ile. Majira yote ya baridi ilikuwa imelala bandani. Sasa theluji imeisha na wenzangu hawana habari nyingine: eti hakuna raha kama pikipiki majira ya kuchipua kwenye njia ndogo za mashambani. Mwaka jana nilijaribu siku moja. Nilipigwa na baridi, nikateleza kidogo kwenye kona, nikarudi nyumbani nimenuna. Wenzangu wanaona nini ambacho mimi sikioni? Na nifanyeje mwaka huu ili nami nikione?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nimefundisha watu kuendesha pikipiki kwa miaka mingi. Wengi huniuliza habari za injini na za mtihani wa leseni. Wanaoniuliza habari za raha ni wachache, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha maneno.

Nianze na siku yako ya mwaka jana. Unasema ulipigwa na baridi, ukateleza kwenye kona, ukaona siku imeharibika. Baridi ile ilitoka mahali fulani. Utelezi ule ulikuwa na sababu yake, na nina hakika sababu hiyo ilikuwa inaonekana kabla hujaifikia. Barabara ilikuwa inakupa habari, nawe ulikuwa unakwenda mbio kiasi kwamba habari zenyewe zilikufikia kama makofi. Wenzako wanapata habari hizo hizo. Wao wanazipata mapema, wakiwa na nafasi ya kuzipokea, na huko kuzipokea ndiko wanakokuita raha.

Ngoja nikuonyeshe kwa bonde moja.

Ni saa tatu asubuhi, jua limetoka. Umeanzia juu ya kilima na tayari mgongo umepata joto kidogo ndani ya koti. Njia inaanza kushuka. Hujafika hata nusu ya mteremko, unasikia ubaridi unakushika kwenye kifundo cha mkono, pale glavu inapokutana na mkono wa koti, kama mtu aliyekitia kifundo hicho kwenye maji ya kijito. Kisha unaingia shingoni. Chini kabisa, kwenye daraja, kioo cha helmeti kinaanza kufanya ukungu pembeni. Usiku kucha hewa baridi, kwa kuwa ni nzito kuliko ya vuguvugu, imekuwa ikitiririka polepole kutoka miinukoni na kujikusanya pale chini, kama maji yanavyojikusanya kwenye bakuli. Umepita ndani ya ziwa la hewa ambalo jicho halilioni. Unavuka daraja, unaanza kupanda upande wa pili, na ghafla uvuguvugu unakurudia kifuani. Umetoka majini.

Aliye ndani ya gari amevuka bonde hilo hilo dakika hiyo hiyo, na kwake joto halikubadilika hata kidogo. Ameliona bonde, ni kweli. Wewe umelisoma kwa ngozi. Nikiambiwa nitaje sababu moja tu ya kupenda pikipiki, nitataja hiyo, na majira ya kuchipua ndiyo yanayoileta kwa nguvu zaidi, kwa sababu usiku bado ni wa baridi na mchana umeanza kuwa wa joto. Tofauti kati ya kivuli na jua, kati ya juu na chini, ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Katikati ya kiangazi bonde na kilima vyote ni joto tu.

Halafu kuna harufu. Udongo ulioganda miezi kadhaa sasa umelegea, umelowa, na unapumua. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina harufu ile inayotoka ardhi kavu ikipata mvua: petrikori. Ndani yake mna kemikali iitwayo jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe chache tu kati ya chembe trilioni nzima za hewa. Nalisema hili ili ujue kwamba ukiwa kwenye pikipiki na kusikia harufu ya shamba lililolimwa kabla hujaliona, hujiwazii tu. Una pua yenye uwezo wa ajabu, na kwa mara ya kwanza tangu msimu wa baridi uanze unaipa kazi. Utasikia majani yaliyooza chini ya miti, utasikia kuni zilizopasuliwa, utasikia maua ya miti ya matunda kwa sekunde mbili, kisha samadi, kisha hakuna kitu ila hewa. Harufu hizo zinakuja kwa mpangilio ule ule wa barabara. Ukipita njia moja mara tatu nne, utaanza kujua ulipo hata kabla ya kuona.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi, hata waendeshaji wa siku nyingi, hawalitilii maanani. Majira ya kuchipua hayaingii mahali pote siku moja. Yanapanda. Mwaka 1918 mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Andrew Delmar Hopkins, alieleza kanuni yake: katika nchi yake, kuchanua na kuchipua huchelewa siku 4 hivi kwa kila digrii moja ya latitudo unayokwenda kaskazini, na siku 4 pia kwa kila futi 400 unazopanda juu, yaani mita 120 na ushee. Ni makadirio tu, kila mlima una mambo yake, lakini yanatosha kwa kazi yetu. Piga hesabu. Ukipanda kilima cha mita 600 umerudi nyuma karibu siku 20 katika kalenda. Chini miti imeshavaa majani. Katikati utaona machipukizi madogo mekundu-mekundu, yamefumba bado. Juu matawi yako uchi, na upande usiopata jua kuna kipande cha theluji chafu kimekwama mtaroni. Umesafiri wiki tatu kurudi nyuma kwa dakika 20. Ukianza kushuka upande wa pili, majira yanafunguka mbele yako kwa kasi ambayo hakuna anayetembea kwa miguu atakayeiona.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wasingoje mpaka kila kitu kiwe kijani. Wiki zile za katikati, ambapo bado unaona matawi na anga kati yake, ndizo tamu. Kaskazini mwa dunia ni kati ya Machi na Mei, kusini ni kati ya Septemba na Novemba. Na mchana unarefuka upesi kuliko wakati wowote: mtu aliye kwenye latitudo ya 50, siku zinazoizunguka ile ambayo usiku na mchana hulingana, anapata karibu dakika 4 za ziada kila siku. Katika wiki mbili hiyo ni karibu saa nzima ya mwanga, na nusu yake hivi inakuja jioni, baada ya kazi.

Hayo ndiyo wanayoyaona wenzako. Tuje kwenye swali lako la pili, nifanyeje.

La kwanza kabisa ni kasi. Raha hii ina kasi yake, na iko chini ya ile uliyoizoea kwenye barabara kuu. Kwa kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja kugundua hatari na kuanza kufunga breki, na lami ikiwa kavu na safi, utasimama baada ya mita 58 hivi. Kwa kilomita 60 kwa saa utasimama baada ya mita 37. Mita 21 za tofauti kwenye njia nyembamba ya mashambani yenye kona ni jambo kubwa sana, ni urefu wa trekta na tela lake na nafasi inabaki. Lakini kuna faida nyingine isiyozungumzwa: ukienda kilomita 60 kelele ya upepo ndani ya helmeti inapungua, mabega yanashuka, na macho yanapata ruhusa ya kuinuka kutoka kwenye lami. Kwenye kilomita 90 huna ruhusa hiyo. Kwa hiyo sikuombi upunguze mwendo kwa sababu ya woga. Punguza ili uone.

La pili ni kusoma kona, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ulipoteleza.

Ukikaribia kona, tazama mbali, pale kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Hapo ndipo mwisho wa kile unachokijua. Kama mahali hapo panakukimbia kadiri unavyosogea, kona inafunguka, unaweza kuongeza resi taratibu. Kama pamesimama, au panakuja kwako, kona bado inajifunga, na kasi uliyo nayo ni kubwa. Sheria ninayoifundisha ni moja: uwe na uwezo wa kusimama ndani ya kipande cha barabara unachokiona kuwa kitupu. Punguza mwendo wakati pikipiki bado imesimama wima, ingia kwenye kona ukiwa umeshatulia, kisha shikilia resi kidogo na laini mpaka utoke.

Kupinda kwenyewe hakuhitaji nguvu. Ukitaka kwenda kulia, sukuma mbele kidogo mkono wa kulia wa usukani. Pikipiki italala kulia na kufuata. Watu wengi hufanya hivyo bila kujua kwamba wanafanya. Wilbur Wright, yule wa ndege, ambaye yeye na nduguye walikuwa mafundi baiskeli, aliligundua jambo hili kwa baiskeli na akashangaa kwamba waendeshaji aliowauliza hawakuwa na habari nalo. Wewe lifanye kwa kujua. Sukuma kwa kiganja, legeza viwiko, geuza kichwa utazame unakotaka kutokea. Siku utakapounganisha kona tano sita kwa namna hiyo, kulia, kushoto, kulia, bila kugusa breki na bila kushtuka, utasikia kitu tumboni kinachofanana na bembea ulipokuwa mtoto. Sijui kukieleza vizuri zaidi ya hapo.

Sasa angalia hesabu hii, kwa sababu inagusa utelezi wako. Kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 50, ukienda kilomita 60 kwa saa pikipiki inabidi ilale karibu digrii 30. Ukienda kilomita 40 inalala digrii 14 tu. Umepunguza mwendo kwa theluthi moja, ulalaji umepungua kwa zaidi ya nusu. Yote uliyoyabakiza ni akiba ya mshiko wa tairi. Kiangazi unaweza ukaitumia akiba hiyo ukipenda. Majira ya kuchipua ibakize, kwa sababu barabara ya majira haya ina deni la msimu wa baridi ambalo halijalipwa.

Deni gani? Kwanza mchanga na kokoto ndogo zilizomwagwa ili magari yasiteleze kwenye barafu. Magurudumu ya magari huzisukuma pembeni na katikati ya njia, na kwenye kona huzikusanya, mara nyingi upande wa ndani, pale pale unapotaka kupita. Zikiwa kavu zina rangi ya lami. Utazitambua kwa kutong'aa: lami safi asubuhi ina mng'ao kidogo, zenyewe ni kijivu kama vumbi la unga. Pili, mashimo. Maji huingia kwenye nyufa, yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, yanapasua. Yakiyeyuka magari yanamalizia kazi. Shimo la mwezi Machi halikuwapo mwezi Novemba, kwa hiyo usiiamini kumbukumbu yako ya mwaka jana hata kama ni njia unayoijua. Tatu, maji ya theluji yanayovuka barabara kutoka mtaroni mchana, halafu usiku yanaganda. Saa mbili asubuhi, kwenye kivuli cha msitu, yanaweza kuwa bado barafu wakati mita 50 nyuma ulikuwa unaota jua. Nne, matope ya trekta. Mkulima naye amefungua msimu wake, na anatoka shambani na nusu ya shamba kwenye magurudumu.

Hilo la nne lilinifundisha mimi. Ilikuwa jioni, kona ya kushoto niliyoipita mara mia. Nilipoingia niliona matope, donge moja refu, jeusi, limelala kwenye mstari wangu. Palikuwa na nafasi ya kutosha kulikwepa, hata mita mbili. Lakini nililitazama. Nilikodolea macho lile donge kama mtu aliyeona nyoka, na pikipiki ikaenda palepale nilipotazama, kama inavyofanya siku zote. Gurudumu la mbele lilikwenda upande, nikaanguka, nikaburuzika mpaka kwenye majani. Koti na glavu zilifanya kazi yake na niliinuka mzima, ila kioo kilivunjika na kigingi cha mguu kilipinda. Nilikaa kwenye majani yale mabichi nikiangalia ile nafasi ya mita mbili. Tangu siku hiyo, nikiona kitu kibaya barabarani, sauti yangu mwenyewe inaniambia ndani ya helmeti: tazama pengo. Nakuachia maneno hayo mawili. Yaseme kwa sauti, yanasaidia kweli.

Umenielewa basi ninapofika. Jicho linaloona kwamba lami ya mbele imebadilika rangi ndilo hilo hilo linaloona kwamba machipukizi ya upande huu ni mekundu na ya upande ule ni kijani. Huwezi kulifungua kwa ajili ya moja tu. Mwaka jana ulilifunga, ukakosa vyote viwili.

Baridi nayo ina mchango wake. Hewa ikiwa nyuzijoto 10, ambayo ukitembea kwa miguu utaiona nzuri, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ngozi iliyo wazi inaisikia kama nyuzijoto 4. Baada ya dakika 40 vidole vinakufa ganzi, na kidole chenye ganzi hakiwezi kubana breki kwa upole. Mbaya zaidi, mtu anayetetemeka anajikunyata, anatazama mbele ya gurudumu tu, anawaza nyumbani. Vaa nguo tatu nyembamba badala ya moja nene, ya nje iwe haipitishi upepo. Ziba shingo kabisa. Kitambaa cha shingo ni kidogo lakini kinafanya kazi kuliko sweta la pili. Beba glavu mbili, nene za asubuhi na nyepesi za mchana. Kioo cha helmeti kikifanya ukungu, kifungue upana wa kidole. Na ukikaribia miti ya matunda iliyochanua, kifunge. Nyuki aliyeingia ndani ya helmeti si kitu cha kushughulika nacho ukiwa kwenye kona.

Pikipiki yenyewe nitaigusa kwa haraka, isipokuwa tairi. Betri ya volti 12 iliyojaa vizuri husoma 12.6 au zaidi ikiwa imepumzika. Ikiwa chini ya 12.4 ichaji kabla ya kuilazimisha. Petroli iliyokaa miezi minne mitano imepoteza ukali wake, na kwenye kabureta inaweza kuwa imeacha gundi. Ikinuka kama rangi ya zamani, imwage kwenye chombo cha taka za mafuta na ujaze mpya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo kama yamepita miaka miwili yabadilishe. Fungua kisanduku cha chujio la hewa utazame ndani, maana panya hupenda sana kulala humo majira ya baridi, na kiota chake kikivutwa kuelekea injini utajuta.

Tairi sasa. Joto likishuka nyuzi 10, upepo wa tairi hupungua karibu psi 2, na juu ya hapo tairi lenyewe huvuja kidogo kidogo kila mwezi hata likiwa zima. Kwa hiyo tairi ulilolijaza vizuri wakati wa vuli leo limelegea, na hutaliona kwa jicho. Pima kwa geji asubuhi, kabla ya kuendesha, tairi likiwa baridi, na ufuate kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Kisha piga goti utafute ubavuni tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara kirefu. 2321 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Raba huzeeka hata isipotembea. Inakuwa ngumu, inang'aa, inapasuka nyufa ndogo kama za matope yaliyokauka. Tairi la namna hiyo lina meno mazuri na mshiko mbaya. Na hata jipya, asubuhi ya baridi halishiki sawasawa mpaka lipate joto, kwa hiyo kilomita kumi za kwanza nenda kama unayebeba mtoto.

Usisahau kwamba nawe ulikuwa umelala. Kabla ya kwenda mashambani, tafuta uwanja mtupu wa lami, ukae humo nusu saa. Zunguka polepole kwa umbo la namba nane, ukitumia klachi na breki ya nyuma. Kisha fanya mazoezi ya kusimama kwa nguvu kutoka kilomita 40: bana breki ya mbele kama unavyokamua chungwa, kwanza taratibu ili uzito uhamie gurudumu la mbele, halafu kwa nguvu. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, na wengi wenu wa barabara kuu mnaiogopa. Rudia mara kumi, mpaka mkono uache kufikiri. Pia kumbuka madereva wa magari: macho yao yamekaa miezi bila kuona pikipiki. Kwenye makutano, dhani kwamba hujaonekana, hata kama mmetazamana.

Njia ya kwanza iwe fupi, kilomita 60 au 80 tu, ya kuzunguka na kurudi ulipoanzia. Usiiombe simu ikupe njia ya mkato, kwa sababu itakurudisha barabara kuu. Tazama ramani utafute mistari myembamba inayofuata mto au inayozunguka kilima badala ya kukikata. Njia zilizojipinda bila sababu inayoonekana mara nyingi zilianza kama mipaka ya mashamba au mapito ya mifugo, na hizo ndizo zinazokuonyesha nchi ilivyo. Nenda peke yako, au na mwenzako mmoja asiyependa mashindano. Kundi kubwa lina raha yake, lakini katika kundi utatazama taa ya nyuma ya mtu, na tumeshasema macho yana kazi nyingine. Toka saa nne, jua likiwa limeshakausha vivuli, na urudi kabla ya magharibi, kwa sababu swala na kulungu hutembea jua likizama, na jua lenyewe likiwa chini litakupiga machoni sawa na linavyompiga dereva anayekuja mbele.

Na usimame. Hili walio wengi hawalifanyi, wanaona kusimama ni kupoteza mwendo. Tafuta mahali pa juu, penye nafasi salama pembeni ya njia, zima injini, vua helmeti. Mwanzoni hutasikia kitu, masikio bado yana upepo. Kisha utasikia injini inapoa, tik, tik, tik, chuma kinavyojikunja, kwanza haraka halafu kwa nafasi. Katikati ya hizo tik utaanza kusikia ndege mmoja, kisha watatu, kisha maji yanayotiririka mahali usipopaona. Gusa tawi lililo karibu nawe, tazama machipukizi yake yamefunguka kiasi gani. Likumbuke hilo tawi. Ukishuka, simama tena chini, tafuta mti wa aina hiyo hiyo, utazame tena. Utakuwa umeishika kanuni ya Hopkins kwa vidole vyako.

Ukifika nyumbani usiingie ndani kwanza. Barabara za majira haya bado zina chumvi, na chumvi inakula cheni na bolti usiku kucha wakati wewe umelala. Acha injini na breki zipoe kidogo, suuza kwa maji baridi ya kawaida, yasiyo na presha kubwa, hasa chini na nyuma ya magurudumu. Futa cheni, na kabla haijapoa kabisa ipake mafuta upande wa ndani, ukizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Ikiwa na uvuguvugu mafuta yanaingia vizuri kwenye viungo. Ni kazi ya dakika 10, na kesho yake, kama jua litatoka, pikipiki itakuwa tayari.